Mlango wa Nyuma Hauonekani Kwenye Picha

Nilipoacha kazi ofisini kwa yule msanifu majengo, pale Dodoma mjini, nilimpigia mama simu nikamwambia kwamba sasa najiajiri. Akauliza, "Kwani wamekufukuza?" Nikamwambia hapana, nimeacha mwenyewe. Akasema, "Haya," kwa ile sauti yake ya kumwachia Mungu, akarudi kwenye karanga zake. Mama yangu ni mwanamke wa Kondoa, ameuza karanga na mbaazi tangu sijazaliwa, na kwake yeye mtu kujiajiri si habari. Habari ni mtu kupewa kiti na feni halafu akainuka mwenyewe akaondoka.

Kazi yenyewe nayo hakuielewa, wala simlaumu, maana hata niliosoma nao waliniuliza mara mbili mbili. Mtu ana kiwanja na anataka kujenga. Msanifu anamchorea ramani, na mwenye kiwanja akiitazama haoni nyumba, anaona mistari. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Naichukua ile ramani, nazisimamisha kuta ndani ya kompyuta, naezeka bati, natia rangi, madirisha, jua na mawingu, halafu natoa picha ambayo ukimwonyesha mtu atadhani umekwenda kuipiga kwa kamera. Ofisini tulikuwa tukisema picha inapikwa, kwa sababu ukishaandaa kila kitu unabonyeza mara moja tu, kompyuta inaanza kuchemka na kuunguruma, na wewe huna la kufanya ila kusubiri na kuomba umeme usikatike.

Nilikuwa na sababu mbili za kuacha kazi. Ile niliyokuwa nikiwaambia watu ni kwamba Dodoma inajengwa. Serikali imehamia, watumishi wamehamia, viwanja vimepimwa mpaka kule kwenye mawe na miiba ambako zamani walipita wachunga mbuzi tu. Ukisimama Miyuji nilikopanga, kila unakogeuka kuna lundo la mchanga na tofali. Nikajiambia kila lundo la mchanga lina mwenyewe, na kila mwenyewe anataka kuiona nyumba yake kabla haijasimama. Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana kichwani.

Sababu ya pili ilikuwa macho ya mama.

Mama alikuwa anapofuka. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba kuona kwake kunaliwa kutoka pembeni kuja katikati, kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi, na kwamba dawa ya matone itachelewesha tu. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Tangu baba afariki alikuwa akiishi chumba kimoja nyumbani kwa kaka yake, mjomba wangu, na mke wa mjomba hakuwa mtu mbaya, lakini jiko ni lake na mama alikuwa akipika kwa kuomba nafasi. Pembeni ya mji wa Kondoa mama alikuwa na kiwanja chake mwenyewe, matunda ya karanga na mbaazi, kinachotazama milima. Alitaka jambo moja katika dunia hii, aingie kwenye nyumba yake akiwa bado anaiona. Alilisema wazi, na hakulisema mara moja.

Kwa mshahara wa ofisini ningemjengea akiwa kipofu. Ndiyo maana nikaondoka. Nilidhani nikiwa peke yangu nitakwenda mbio zaidi.

Anayeanza kazi hii peke yake anatakiwa awe na picha za kuonyesha. Zangu zote zilikuwa mali ya ofisi, na bosi alinikumbusha hilo tulipoagana, kwa upole, akinishika mkono. Kwa hiyo picha yangu ya kwanza nikaamua iwe ya nyumba ya mama. Niliichora mwenyewe, na yeye alikuwa mteja mkali kuliko wote niliopata baadaye. Tulikuwa tukiongea kwa simu, mimi na kompyuta mezani Miyuji, yeye Kondoa na ungo mapajani.

"Kibaraza kiangalie mashariki," akasema. "Mchana ukigeuka nataka kivuli. Sitaki kuchambua mbaazi jua linaniwaka usoni."

"Sawa mama."

"Na jiko liwe nje, nyuma. Sitaki moshi kwenye mapazia."

"Sawa."

"Na mlango wa nyuma wa kutokea kwenda jikoni. Usinifanyie nizunguke nyumba nzima na sufuria ya moto kama mwizi."

Nikavifanya vyote. Ilipobaki kuweka watu, nikakwama. Picha ya nyumba bila mtu inakaa kama msiba, lazima pawe na mtu. Lakini watu waliokuja na ile programu walikuwa wazungu watupu, warefu, wameshika vikombe vya kahawa au wanatembeza mbwa. Nilijaribu kumweka mmoja na mbwa wake mbele ya kibaraza, nikacheka peke yangu. Mbwa mlangoni kwa mama yangu, Kondoa, siku ya Ijumaa! Hapo angenikana mbele ya kadhi.

Nikatafuta kwenye simu picha niliyompiga mama Idi iliyopita, amekaa kwenye kigoda, kanga begani, ungo wa mbaazi mapajani, anatazama kitu chini. Nikamkata kwa uangalifu unywele kwa unywele, nikamkalisha kibarazani, nikamtengenezea kivuli. Nikapika picha. Ilipotoka niliitazama muda mrefu. Mpaka leo sijafanya nyingine nzuri kama ile. Kuta zilikuwa rangi ya maziwa, bati la rangi ya udongo, milima nyuma, na mama yangu amekaa kwake.

Nikaipeleka Kondoa mwenyewe, sikutaka aione kwa mara ya kwanza kupitia simu ya mjomba. Aliichukua simu yangu, akaanza kuizungusha mbele ya macho, maana ilibidi aione kipande kipande. Akalipata paa. Akayapata madirisha. Alipojipata mwenyewe akasema, "Mbona umeninenepesha?"

"Sijakunenepesha, mama. Ndivyo ulivyo."

Akaendelea kuzungusha. "Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Upo nyuma. Kwenye picha hauonekani."

"Kama hauonekani, nitajuaje kama upo?"

Tulicheka wote. Nilikuwa na furaha siku ile, na nasema hivyo kwa sababu sikuipata tena kwa namna ile.

Nikarudi Dodoma kuanza biashara. Nilikuwa nazunguka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa wapima ardhi, kwenye mikutano ya wenye viwanja, na simu yangu mkononi. Kila mtu aliipenda ile picha. Hakuna aliyeiona akasema mbaya. Walisema, "Dada, hii ni kazi," wakaikuza kwa vidole, wakamtazama mama, wakatabasamu. Halafu wakasema maneno ambayo sasa sitaki tena kuyasikia: "Nitumie nikamwonyeshe mwenzangu."

Ungefanya nini? Kwetu hakuna mtu anayejenga bila kuzungumza na mwenzake, awe mke, mume, au kaka mkubwa, na kumnyima mtu picha ya kwenda kumwonyesha mwenzake ni kumwambia humwamini. Nikatuma. Mwenzake akamtumia shemeji, shemeji akamtumia fundi, fundi akaitupia kwenye kundi la mafundi. Nikawa nasubiri simu. Simu hazikuja, ila picha ilikuwa inatembea. Siku moja nikaikuta mtandaoni kwenye ukurasa wa watu nisiowajua, wameandika kwa herufi nyekundu kwamba wanachora ramani za nyumba za kisasa kwa bei poa, na namba yao ya simu wameibandika juu ya bati. Mama yangu amekaa chini yake anachambua mbaazi.

Niliwapigia nikafoka. Kijana aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza kama nataka ya vyumba vitatu au vinne.

Sisemi sikupata kazi kabisa. Nilipata za hapa na pale. Aliyenifundisha biashara hii ilivyo alikuwa mzee mmoja mstaafu mwenye shamba Hombolo, karibu na bwawa. Alitaka nyumba ya kulala wageni, na kwake hakukuwa na haja ya kuvutana bei. Nikapika picha ya kwanza. Akasema, "Binti, ongeza majani." Nikaweka majani. Akasema yawe mengi, kijani kibichi, mpaka kwenye maji.

"Mzee wangu, kwa jua la hapa hayo majani yatakufa."

"Kwenye picha majani hayanywi maji," akasema, akacheka kwa kujipenda.

Nikamjazia majani. Akataka bati la bluu, kisha jekundu, kisha akarudi kwenye bluu. Akataka minazi, nikamwekea minazi, Hombolo! Mwishowe akaridhika, kisha akawa kimya. Baada ya kimya kirefu nikamfuata kwake kuuliza kama ameanza msingi, maana alikuwa ameniahidi kwamba ujenzi ukianza ataniitia majirani zake. Nikamkuta sebuleni. Ile picha ilikuwa ukutani, kubwa, ndani ya fremu yenye kioo, juu ya kochi, pale ambapo watu huweka picha ya harusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, karibu. Unaiona? Kila mgeni anayeingia hapa ananiuliza hii hoteli iko wapi."

"Na msingi, mzee?"

Akapunga mkono. "Msingi wa nini tena? Ukweli nikuambie, nikikaa hapa nikaitazama, najiona nimeshajenga. Roho imetulia."

Alikuwa na furaha kweli. Akanifungia ndoo ya zabibu za shambani kwake, nikarudi nayo nimeikumbatia, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba nimefanya kazi nzuri mno. Kadiri picha ilivyo nzuri, ndivyo mtu anavyoshiba. Niliwaza pia juu ya mama, ambaye kila jioni alikuwa akimwomba binti wa mjomba amfungulie simu aione nyumba yake, na kila nilipompigia alikuwa akiniambia kipande kipi bado anakiona. Kwanza milima ilipotea. Kisha bati. Alikuwa ananiambia kama mtu anayetaja nguo zilizoibwa kwenye kamba.

Basi siku moja natoka dukani hapo hapo Miyuji, nikapita mtaa wa juu ambako huwa sipiti, nikaona msingi mpya, mafundi wanapanga tofali, na kwenye mti wa miiba pembeni wametundika karatasi ndani ya mfuko wa nailoni isilowe wala kupeperushwa. Nikasogea. Ilikuwa nyumba ya mama. Mama mwenyewe alikuwepo, amefifia kidogo kwa wino wa mashine mbovu.

Nikamuuliza fundi mkuu ramani iko wapi. Akanyoosha kidole kwenye ule mfuko. "Ramani ndiyo hiyo."

"Hiyo ni picha."

"Sasa dada, picha si ndiyo inaonyesha nyumba ilivyo? Ramani inaonyesha mistari."

Mwenye nyumba akaja. Mtumishi wa ofisi fulani, mtu mstaarabu, shati limenyooshwa, viatu vimejaa vumbi la saruji. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Lakini aliposikia kwamba mimi ndiye niliyetengeneza ile picha, uso wake uliwaka kama amekutana na ndugu. "Kumbe ni wewe! Hongera sana, una kipaji. Mimi nililetewa na shemeji yangu. Mke wangu alipoiona tu akasema ni hii hii, usiguse kitu." Akaniuliza kama ninayo picha ya upande wa nyuma. Nikamwambia ninayo nyumba nzima, na ramani, nikampa namba yangu ili tukae tuzungumze kikazi. Akafikiri kidogo, akasema, "Aa, basi usihangaike. Nyuma fundi atajua mwenyewe."

Nilimchukia, na nilijua sina sababu ya kumchukia. Alikuwa anajenga, basi. Mimi nilikuwa na kila kitu cha ile nyumba, ila nyumba.

Kutoka hapo nikawa napita ule mtaa kila mara, hata kama sina safari. Niliona kuta zikipanda. Niliona kenchi za paa, niliona bati la rangi ile ile ya udongo niliyoichagua mimi, na sikosi kusema kwamba lilipendeza. Wivu niliouona hapo sijawahi kuuona kwa mwanamume wala kwa mali. Rafiki yangu mmoja akanishauri nishitaki. Nimshitaki nani, mwenzake na shemeji?

Kazi zikazidi kupungua. Nikaanza kupiga chapa barua za watu na kutengeneza kadi za harusi, kwa kompyuta ile ile iliyotakiwa kusimamisha kuta. Kule Kondoa kiwanja cha mama kilibaki na mawe yake na mbigili, na mjomba akaanza kulima ulezi pale, kwa nia njema, ili pasikae bure.

Mama alikuja Dodoma kwa kliniki ya macho. Nilimpokea stendi, alikuwa amekaa na mfuko wa karanga miguuni, uso ameuelekeza watu wanakotoka, na nilisimama mbele yake kabisa kabla sijasema neno, na hakujua ni mimi. Nikasema, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba, mbona umechelewa," akanishika kiganja, akakipapasa chote.

Daktari hakuzunguka sana. Alisema mama aendelee na matone kwa ajili ya maumivu, lakini kwa kuona, imekwisha. Anaweza kuujua mwanga na giza. Mama akamshukuru. Tulipotoka nje aliniuliza kama daktari ni kijana, nikamwambia ndiyo. Akasema, "Sauti yake ilikuwa inatetemeka, maskini."

Tukarudi chumbani kwangu Miyuji. Nilipika ugali na mlenda, tukala. Baada ya kunawa akauliza, kama anavyouliza mtu habari za jirani, "Ile nyumba yangu imefikia wapi?"

Ningeweza kusema imebaki kwenye picha, kama nilivyosema siku zote. Nikachoka. Nikamwambia imejengwa. Nikamweleza habari yote: mwenzake, shemeji, fundi, mfuko wa nailoni kwenye mti wa miiba, na kwamba iko mtaa wa juu, imebaki rangi. Nilitegemea akasirike au alie. Mama alivuta kanga yake, akasema, "Basi nipeleke nikaione."

Tulikwenda baada ya swala ya alasiri. Mwenye nyumba hakuwepo. Alikuwepo fundi rangi peke yake, na redio ndogo dirishani. Nikamsalimia nikaanza kujieleza, lakini alikuwa hanisikilizi. Alikuwa anamtazama mama. Akashusha brashi.

"Shikamoo bibi. Samahani... wewe siye yule bibi wa kwenye picha?"

"Marahaba," mama akasema. "Ndiye mimi. Ila wameninenepesha."

Yule fundi akafurahi kupita kiasi. Akazima redio, akafuta mikono kwenye suruali. Akasema tangu msingi walikuwa wanafanya kazi bibi anawatazama, walimzoea, wakichelewa kazini walikuwa wanaambiana bibi ataona. "Karibu ndani bibi," akasema, "hii ndiyo nyumba yako." Alisema kwa utani na kwa moyo mweupe, na mimi niligeuka nikatazama barabarani.

Mama aliingia kwa kupapasa. Alizishika kuta kama anavyoshika nguo dukani, kwa vidole viwili kwanza, kisha kiganja. Aliyapima madirisha kwa mikono. Alisema sebule ni kubwa, alisema sakafu imenyooka. Alikuwa anajua nini kinafuata wapi, kwa sababu tuliipanga wote kwa simu, na mpaka hapo fundi alikuwa amebahatisha sawa sawa. Kisha akakata kushoto, akapita kwenye ujia, akanyoosha mkono mbele kuufungua mlango wa nyuma wa kwenda jikoni. Mkono ukagonga ukuta. Akaupapasa kulia, akaupapasa kushoto. Akarudi katikati akaupiga kofi dogo, mara mbili, kama anabisha hodi.

"Mlango uko wapi?"

Fundi rangi alijikuna kichwa. "Nyuma hakuna mlango, bibi. Kwenye picha haukuwepo."

Mama aligeukia mahali ambapo mimi sikuwa nimesimama. "Si nilikuuliza?" akasema. "Si nilikuambia?"

Nikamshika mkono tukatoka mbele. Akaomba akalie kibaraza kidogo, miguu imemchoka. Fundi akamgeuzia ndoo ya rangi, akaitandika gunia, na bila kuambiwa na mtu akaiweka pale pale, kushoto kwa nguzo ya pili, alipokaa mama kwenye picha. Mama akakaa. Akaweka mikono mapajani kama ameshika ungo. Kiwanja kile barabara yake iko magharibi, na nyumba yoyote inayojengwa hutazama barabara. Jua la alasiri liliingia kibarazani lote, likampiga usoni. Vumbi la barabarani likaja na upepo wetu ule wa Dodoma usioisha.

Alivumilia kidogo. Kisha akainua kiganja akaziba macho yake yasiyoona.

"Ulisema umenikalisha kivulini," akasema.

"Hii si yako, mama. Yako inaangalia mashariki."

"Ndiyo," akasema. "Yangu inaangalia mashariki." Akanyoosha mkono nimwinue.

Kesho yake asubuhi nilipata ujumbe kwenye simu. Mama mmoja alikuwa amepita mtaa wa juu akaipenda ile nyumba, akamuuliza mwenye nyumba, na yeye, mstaarabu wa watu, akamwonyesha ile picha, akampa namba yangu. Alikuwa mteja wa kweli, wa kwanza kwa muda mrefu. Alitaka picha na ramani kamili, kwa kiwanja chake mwenyewe, na alitaka kazi ianze siku hiyo hiyo. Aliandika kwamba anataka nyumba ile ile, asibadilishiwe kitu. Mwisho akaongeza: "Ila huyo bibi naomba umtoe. Pale weka chungu cha maua."

Niliisoma nikaiweka simu chini, nikaichukua tena. Sikuwa na kazi nyingine, na kiwanja cha Kondoa kilikuwa kinaota ulezi. Nikawasha kompyuta.

Mama alikuwa amekaa kitandani nyuma yangu anamenya karanga kwa kupapasa, maganda yanadondoka kwenye sinia. Nikafungua picha. Nilipomkalisha pale nilikuwa nimemweka peke yake, mbali na kuta na nguzo, ili siku moja nikitaka kumsogeza nisiharibu kitu. Kwa hiyo haikuwa kazi. Nilimgusa, nikabonyeza, akatoka, yeye na kigoda chake na ungo. Kibaraza kikabaki kitupu na safi. Nikatafuta chungu cha maua. Nilikuwa nalia wala sikujifuta, kwa nini nijifute.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nyumba ya mteja."

"Iko kama ile yangu?"

"Ni hiyo hiyo."

Vidole vyake vikaacha karanga kidogo, halafu vikaendelea.

"Basi mwambie asisahau mlango wa nyuma."

Nikamwambia nitamwambia. Nikabonyeza, na kompyuta ikaanza kuchemka.